Aliyezipa Fataki Mgongo

Mke wa Kiberiti alizeekea kwenye kazi ya fataki bila kuiona hata moja ikipasuka angani. Ukiwaambia watu hivyo wanakutazama kama umewapa habari za mwuza miwani asiye na pua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mkosi wala nadhiri. Kazi yenyewe ilitaka hivyo.

Kikosi chao kilikuwa cha nyumbani. Kiberiti, mumewe, ndiye aliyekaa kwenye kisanduku cha kufyatulia, ufunguo ukining'inia shingoni. Jina hilo alipewa na watu wasiomjua, maana tangu aanze kushika baruti hakuwahi kutembea na kiberiti mfukoni, na hata jiko la nyumbani aliliwasha mkewe. Mdogo wake, Spika, alitandaza nyaya na kuongea. Hasa kuongea. Binti yao, waliyemwita Dereva kwa kuwa ndiye aliyeendesha pikapu, alileta mzigo, akasaidia kushusha, kisha akakaa nje ya utepe. Hiyo ilikuwa amri ya mama: nyumba hii imeshaipa baruti watu wa kutosha.

Na mama mwenyewe alikuwa mgongo. Alisimama kati ya mabomba ya kurushia fataki na watu, akayapa mabomba kisogo, akawatazama watu, mapaa, majani makavu na mti wowote uliojipendekeza karibu. Wafyatuaji hutazama juu. Watazamaji nao hutazama juu. Lazima awepo mmoja wa kutazama vya juu vinakoangukia. Kinachopaa hushuka, na kikishuka hakibishi hodi kwa mwenye paa.

Kwa hiyo fataki alizijua kwa nyuso. Nyekundu aliiona kwenye paji la uso la mtoto, kijani kwenye miwani ya mwalimu, dhahabu kwenye kipara cha mgeni rasmi. Kipara cha mgeni rasmi kilikuwa televisheni yake. Watu wakamwita Mama Mgongo, naye akalipokea jina kama mtu anavyopokea fulana ya bure: si lake, lakini linatosha.

Mkononi alishika tochi ya kijani. Akiiinua, maana yake watu wako nyuma ya utepe, ndoo zimejaa maji, hakuna aliyekatiza. Kiberiti hakuzungusha ufunguo kabla ya kuiona tochi hiyo. Sauti isingemfaa, kwa sababu sikio lake la kushoto lilishakwenda na kazi. "Sikio la kufa halisikii dawa," Spika alipenda kusema, "ila la kaka halisikii hata honi." Mama Mgongo ndiye aliyemsikilizia simu, hodi na majirani. Naye Kiberiti alimfungulia chupa zote zenye vifuniko vigumu. Ndoa nyingine husimama juu ya mambo madogo kuliko hayo.

Kisha vikombe vikaanza kuanguka.

Mwanzoni vilikuwa vikombe tu, vile vilivyokaa pembeni mwa meza. Halafu bega lake la kushoto likaanza kugombana na mlango. "Mama, mlango umehama?" Dereva akamuuliza siku moja, wakacheka wote wawili. Siku nyingine alimpita jirani yake njiani bila salamu, na jirani akanuna wiki nzima.

Akaenda kliniki ya macho peke yake, akidai anakwenda kununua kamba. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alimkalisha mbele ya mashine na kumwambia atazame nukta ya katikati, asiondoe jicho, na kila akiona taa ndogo ikiwaka pembeni abonyeze kitufe. Mama Mgongo akakaa. Akasubiri. Akabonyeza mara chache, akasubiri tena.

"Daktari," akasema, "nadhani mashine yako imeharibika."

"Mama, mashine ni nzima," daktari akajibu. "Taa zilikuwa zinawaka."

Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haipigi kelele. Inakula kutoka pembeni kama panya anavyokula mkate, hadi ubaki unachungulia dunia kwenye mrija. Kilicholiwa hakirudi. Alipewa matone ya kulinda kilichobaki, akayaweka kwenye friji nyuma ya nyanya, na Kiberiti alipouliza akajibiwa ni ya aleji ya vumbi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Mama Mgongo aliijua methali hiyo. Lakini methali hazikai nyumbani kumsubiri mume. Alijua siku atakayosema, Kiberiti atamtoa uwanjani siku hiyohiyo, kwa upendo, bila neno baya. Na kuanzia hapo atakuwa mwanamke wa kusikiliza pikapu ikiondoka asubuhi. Ujana wake wote ulikuwa ule uwanja. Kila alichowahi kuzungumza na mumewe cha maana walikizungumza wakifunga kamba. Basi akajiambia: mwezi huu tu. Halafu: kazi hii tu.

Na miguu ikachukua kazi ya macho.

Siku yenyewe ilikuwa sherehe ya chuo kimoja, kwenye uwanja wa mpira. Walifika asubuhi, umande haujakauka. Wakapima umbali kutoka jukwaani, wakafunga utepe, wakapanga fremu za mbao nyuma ya goli la mbali. Ndani ya kila fremu mabomba yalisimama, yameinamishwa kidogo kuelekea upande usio na watu, kila moja likisubiri mpira wake wa baruti.

Mabomba si wageni wa kukaribishwa tu na kuachwa wajitafutie viti. Kila fremu inalaliwa na viroba vya mchanga na kupigiliwa vigingi huku na huku, ili bomba moja likipasuka, wenzake wasianguke. Bomba lililolala halijui tena mbingu iko wapi. Linatema kule lilikoelekea, na likielekea jukwaani, ndiyo basi. Na mipira haitupwi ndani kama viazi: inashushwa polepole kwa utambi wake, mshushaji akiwa amesimama kando, maana kichwa cha mtu hakipiti juu ya mdomo wa bomba hata kama kimedondosha miwani humo.

Walikuwa na neno lao pia. "Simama" kila mtu humpigia kelele mwenzake. "Acha" ni lugha ya wanandoa. "Moto" watazamaji huliimba kwa furaha. Basi wao walichagua neno ambalo hakuna mwenye akili angelipigia kelele uwanjani: chumvi. Ukilisikia, unaweka chini ulichoshika, unainua mikono yote miwili, unalirudia ili mwenzako alisikie, na Kiberiti anachomoa ufunguo na kuurudisha shingoni. Hakuna anayeuliza kwa nini mpaka mikono yote iwe mitupu. Na hakuna anayelaumiwa kwa kulisema. Spika alishawahi kulisema kwa sababu ya nyuki.

"Nyuki ni kiumbe wa hatari," alijitetea.

"Hata wewe," Kiberiti akamjibu, na yakaishia hapo.

Mchana, kabla ya kushusha mipira, Mama Mgongo aliupita mstari wa fremu kama kawaida yake. Zamani aliona kigingi kwanza, kisha akakipiga teke la kisigino ili kuhakikisha. Siku hizi teke lilitangulia, na jicho lilifuata kama mjumbe aliyechelewa kwenye kikao. "Kimeshika," akasema. Teke. "Kimeshika." Fremu ya mwisho ilikuwa imesogezwa kando kidogo kwa sababu ardhi pale ilikuwa ya mawe, na vigingi vya upande mmoja vilikuwa bado chini, havijapigiliwa. Spika alikuwa amefuata nyundo, meneja wa uwanja akamkamata njiani na maswali yake kuhusu nyasi. Mama Mgongo akapiga teke. Kisigino kikakutana na chuma kigumu, kilichozama ardhini barabara.

"Kimeshika," akasema.

Kilikuwa kigingi cha wavu wa goli.

Spika aliporudi, nyundo begani, alisikia mstari umeshapitishwa, akadhani kaka yake amemmalizia. Mipira ikashushwa. Jioni ilipoanza kunyemelea, Spika akiwa anavuta waya wa mwisho, aliegemeza kiganja kwenye fremu ile, nayo ikacheza kama jino la mtoto. Akatoa mkono taratibu.

"Kaka," akaita, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na mzaha.

Kiberiti akaja. Hakukimbia, uwanjani hawakimbii. Akaitazama fremu, akavitazama vigingi vilivyolala, akatazama jukwaa lilipo. "Nani amepita mstari huu?"

Wote walijua nani. Spika akamgeukia shemeji yake, akamkuta ameinamisha kichwa, anakizungusha huku na huku, anatafuta ardhini kitu kilichokuwa karibu kabisa na kiatu chake.

"Mimi, kaka," Spika akasema. "Nilivichomoa nivinyooshe. Nikasahau."

"Ulivichomoa."

"Nilivichomoa."

"Na bomba limeshiba."

"Kaka, nimekosa."

Kiberiti hakupaza sauti. Aliuchomoa mzigo wa fremu ile kwa mikono yake, mpira mmoja mmoja, akapigilia vigingi mwenyewe, na kila pigo la nyundo lilikuwa tusi ambalo hakulisema. Alipoondoka, Spika akabaki anakung'uta magoti.

"Asante, shemeji," Mama Mgongo akasema.

"Usinishukuru. Nimeitwa mpumbavu kwa ajili yako, tena bila hata soda. Una nini?"

"Vumbi tu."

"Vumbi." Spika akaguna. "Shemeji, mimi mropokaji, si kipofu."

Neno hilo lilimwangukia pabaya. Spika akaliona likianguka, akanyamaza. Kwa Spika, kunyamaza ni kama mwingine kuzimia.

"Leo tu," Mama Mgongo akasema. "Kesho nitamwambia kaka yako. Leo niache."

Spika akatazama jukwaa, watu walikokuwa wakianza kuingia na watoto mabegani. "Mimi si mtu wa kukukataza," akasema, "na hilo ndilo tatizo." Akaenda kwenye nyaya zake.

Mwanga ukapungua. Spika za kweli, zile za umeme, zikaanza kupiga muziki, mtu akawa anapima kinasa sauti kwa kusema "moja, mbili" kama hajui kinachofuata. Mama Mgongo akashika nafasi yake, mgongo kwa mabomba, tochi mkononi. Alipanga aufidie ule mrija kwa shingo: kulia, katikati, kushoto, katikati, kulia. Kama feni. Shingo ilianza kumuuma, lakini alijisifu kimoyomoyo. Utepe uko. Ndoo ziko. Mapaa yako. Akatazama kushoto: hakuna mtu. Katikati: hakuna mtu. Kidole chake kikasogea kwenye kitufe cha tochi.

"Dada, samahani," sauti ikasema kando ya bega lake la kushoto. "Choo kiko wapi?"

Akaruka. Mwanaume mzima, mwenye suti na mtoto aliyelala kifuani, alikuwa amesimama ndani ya utepe, hatua moja kutoka kwake, upande wa mabomba. Alikuwa amekwishampita. Alimpita yeye, ambaye kazi yake ilikuwa ni kutopitwa, akarudi nyuma kwa adabu kuuliza choo. Angekuwa na adabu pungufu kidogo, angefika golini.

Mama Mgongo akaitazama miguu ya mtoto yule, soksi moja imemvuka. Angeweza kumwelekeza choo, mtu akaondoka, tochi ikapanda, na siku ikaisha. Hakuna aliyeona. Hata yeye mwenyewe hakuona.

"Chumvi!" akapiga kelele.

"Chumvi!" Spika akapokea kutoka kwenye nyaya, mikono juu.

Kiberiti aliona mikono kabla ya kusikia neno. Akachomoa ufunguo, akauvaa, naye akainua mikono. Wakakutana katikati ya uwanja, mikono mitupu, huku meneja akitweta kutoka jukwaani kwamba mgeni rasmi amekwishakaa. "Hakuna shida, aendelee kukaa," Spika akamwambia. "Kukaa anaweza."

Kiberiti akamwelekezea mkewe sikio zima. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Kuna nini?"

"Yule bwana na mtoto walinipita."

"Watu wanapita. Tunawarudisha."

"Sikuwaona, baba. Walipita hapa." Akagusa hewa kando ya uso wake. "Hapa sioni. Na huku sioni. Na ile fremu ni mimi niliyeipitisha. Shemeji hakuchomoa kitu."

"Kaka, mimi pia pembeni sioni vizuri," Spika akaingilia, "ndiyo maana nilioa—" Akaacha. Hakuna aliyemkatiza. Mzaha ulimfia tu mdomoni.

"Tangu lini?" Kiberiti akauliza.

"Tangu yale matone."

"Ya vumbi."

"Hayakuwa ya vumbi."

Kiberiti akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu vikombe. Mama Mgongo alisubiri hasira. Aliitamani hasira, angepata cha kushikilia. Haikuja. Mumewe alimtazama kwa macho ya mtu aliyegundua kuwa mtu mwingine ndani ya nyumba yake alikuwa akilia chumba cha pili, na yeye amelalia sikio zuri.

"Dereva!" akaita. "Njoo huku."

Binti akainama chini ya utepe, akaja. Kwa utaratibu wao, tochi hainyakuliwi; anayeichukua huuliza, anayeitoa hujibu, ili wote wasikie nani anayo.

"Mama," Dereva akasema, macho chini, "umenikabidhi?"

Mama Mgongo alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba nyumba hii imeshaipa baruti watu wa kutosha, kwamba usiku upepo hugeuka kutoka upande wa mapaa, kwamba watoto hupita chini ya utepe na walevi hupita juu yake. Lakini swali lilikuwa moja.

"Nimekukabidhi."

Hakuna aliyemwambia aende wapi. Asiye na kazi hakai ndani ya utepe, na sheria hiyo aliitunga yeye. Akauinua utepe, akapita.

Walipitia kila kitu upya, fremu kwa fremu. Kisha tochi ya kijani ikapanda, imenyooka, haitetemeki, kana kwamba ule mkono ulizaliwa nayo.

Mama Mgongo alisimama kati ya watu, akatazama juu kwa mara ya kwanza. Kishindo. "Ile pale!" watu wakasema, naye akageuza shingo, akakuta moshi. Kishindo kingine, upande mwingine. Moshi. "Umeiona hiyo?" mwanamke aliyekuwa karibu naye akamuuliza kwa furaha, naye akaitika. Moja tu ndiyo iliyokuja yenyewe ikafunguka katikati ya mrija wake, ya dhahabu, ikashuka polepole kama nywele zilizofumuliwa. Hakuimaliza. Kabla haijazima alikuta ameshageuka kutazama inaangukia paa gani.

Mwisho watu walipiga makofi na kuanza kutawanyika. Kiberiti hakusogea. Baada ya fataki ya mwisho kuna kusubiri, kwa kuwa huenda bomba moja limekataa kusema na bado lina la kusema. Halafu yeye na Spika wanaingia na ndoo, wanayamwagia maji mabomba yaliyonyamaza. Na halafu Mama Mgongo huanza kukunja utepe kuanzia upande wa kulia. Mikono yake ilishaanza. Ilikuwa imeshika kamba, na mguu mmoja umeshavuka.

Mwanga wa kijani ukammulika kifuani.

"Mama, rudi nyuma," sauti ya Dereva ikasema kutoka gizani, kali, ya kikazi. "Bado si salama. Nyuma ya utepe, tafadhali."

Ilikuwa sauti nzuri. Hakuna mtu ambaye angebishana nayo. Mama Mgongo akarudisha mguu, akasimama, akijaribu kujua kama mwanawe amemtambua, au amesema "mama" kama wanavyoambiwa wanawake wote wanaovuka utepe. Angeweza kujua kwa kuitika tu. Lakini tochi ilikuwa imeshageuka kummulika mtu mwingine, kulia, katikati, kushoto, kama inavyotakiwa, naye hakuitika.